Vizingiti vya Rukindo

Sitaeleza nilivyofika Rukindo. Njia ni ndefu na haina funzo, na habari yangu yote ni habari ya mlango mmoja. Afadhali msomaji nimfikishe hapo moja kwa moja. Nimewasikia watu wa kwetu wakizungumzia kuunganisha vyuo, wizara na hata makanisa kana kwamba kuunganisha ni kazi ya gundi. Hao ndio ninaowaandikia.

Nilikwenda kama mtahini wa nje. Kwa asiyeijua kazi hiyo, chuo kikuu kinapotaka kumpa mwanafunzi shahada ya juu humwita mtu wa mbali, asiye na undugu na yeyote pale, aisome tasnifu, amhoji mwandishi wake mbele ya walimu, kisha atamke kama anastahili au hastahili. Ni kazi inayomfaa mtu asiyetafuta marafiki. Mimi nililelewa katika shule ya bweni ambako kengele ililia alfajiri na kitanda kilikaguliwa kabla ya uji. Sijawahi kuona haya kusema hapana, wala sijawahi kuisema kabla ya kusoma ukurasa wa mwisho.

Rukindo ni nchi ya bonde. Mto Kindo unaipita katikati, na kila masika hufurika, na kila ufurikapo tuta lililojengwa kuuzuia hubomoka mahali fulani na mashamba ya mpunga huzama. Chuo Kikuu cha nchi hiyo kilikuwa na idara tatu zenye kuhusika na balaa hilo, yaani Idara ya Maji, Idara ya Udongo na Idara ya Miti, kila moja juu ya kilima chake. Tuta lilipobomoka, Serikali iliziuliza sababu. Idara ya Maji ilijibu kwamba mto haukuwa na kosa, ila udongo ulikuwa dhaifu. Idara ya Udongo ilijibu kwamba udongo ulikuwa imara kabisa mpaka ulipoguswa na maji. Idara ya Miti ilijibu kwamba haikuwa imeshirikishwa. Majibu yote matatu yalikuwa sahihi, na mpunga ulizama.

Hatimaye Serikali ikachoka. Ikaamuru idara tatu ziwe ndaki moja, ikajenga ukumbi mpya penye tambarare, na kwa kuwa ilipenda ishara, ikaupa ukumbi huo mlango mmoja tu. Kazi ya kuzihamisha idara na kuzipatanisha ilikabidhiwa kwa Bwana Teofili, aliyepewa cheo cha Msimamizi wa Mageuzi. Hakuwahi kufundisha, lakini alikuwa amesifika kwa kuhamisha soko la samaki bila ugomvi wowote. Baadaye nilisikia kwamba wachuuzi walikuwa wamesharudi walikokuwa, nao pia bila ugomvi.

Nikaziona sheria za ndaki hiyo mpya. Jina lake liliandikwa kwa duara ukutani, kwa sababu hakuna idara iliyokubali kutajwa ya mwisho. Kila mtu husoma akianzia anapopenda. Vyeo vya wakuu wa idara havikufutwa, ila viliongezewa maneno, na sasa kila mmoja wao huitwa Mkuu wa Idara Inayoendelea Kuungana. Neno "zamani" limepigwa marufuku ndani ya uzio. Anayesema "kule kwetu", akimaanisha kilima alikotoka, hupelekwa kwenye Semina ya Uchangamfu, inayofanyika kila Ijumaa na yenye chai na sambusa. Niliarifiwa kwamba ifikapo Alhamisi jioni walimu wengi hushikwa na hamu kubwa ya kukumbuka.

Lakini sheria zilizonileta kwenye kalamu ni zile za vizingiti.

Kizingiti cha idara katika nchi ile si kibao cha kuzuia vumbi. Ni gogo zima la mvule, nene kufikia goti, lililolazwa mlangoni na kuchongwa majina ya waasisi na ya wakuu wote waliostaafu kwa heshima. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukivuka kwa mguu wa kulia huku wenzake wakiimba. Anayehitimu hukivuka tena mbele ya watahini, na hapo ndipo huitwa msomi. Sheria ya kwanza inasema kwamba asiyevuka kizingiti kwa miguu yake mwenyewe, bila kubebwa, kuvutwa wala kuguswa, hana shahada. Niliposomewa sheria hiyo niliipenda mara moja, kwa kuwa nimewajua kwetu watu waliobebwa hadi kwenye shahada zao, na wengine walivutwa. Sheria ya pili inakataza kizingiti kutupwa, kukatwa au kuchomwa. Sheria ya tatu inasema kwamba hakuna kizingiti kitakachowekwa chini ya kingine.

Sasa idara tatu zilifika na magogo matatu mbele ya mlango mmoja. Kamati ilikaa tangu kiangazi hadi mavuno. Ikaamua yapangwe moja juu ya jingine, na kwamba kila Jumatatu vibarua wayabadilishe nafasi kwa kamba, kwa hoja kwamba kilicho chini kwa juma moja hakiko chini, bali kiko safarini. Kwa hiyo siku za Jumatatu ndaki hufungwa. Siku nyingine huingiwa kwa ngazi, kwa maana magogo matatu yakipangana humfika mtu kifuani.

Asubuhi ya mtihani nilimkuta Bwana Teofili nje ya mlango huo, amenyoosha mikono yote miwili.

"Karibu, Mheshimiwa Mtahini! Karibu katika umoja!"

"Umoja uko wapi?" nikauliza, kwa kuwa nilichokiona ni ukuta wa magogo.

"Ndio huo unaoutazama."

Kando ya mlango, juu ya jiwe, aliketi mwanamke kijana mwenye magongo mawili. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba na haukugusa chini. Aliponiona alisimama, jambo lililomchukua muda na ambalo hakuliombea radhi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Wewe ndiye Sikudhani?"

"Ndiye mimi. Nimefika mapema. Ila kufika si kuingia."

Tasnifu yake nilikuwa nimeisoma mara mbili. Ilihusu tuta la Kindo, na ilikuwa imeandikwa na mtu aliyelijua tuta hilo kwa viganja vyake. Nikamuuliza aliwezaje kuingia mwaka wa kwanza.

"Kule kwetu Idara ya Maji," akaanza, na Bwana Teofili akainua kidole.

"Semina, Sikudhani."

"Nitakuja, Bwana Teofili, sambusa zenu nazipenda. Acha kwanza nimjibu mgeni." Akanigeukia. "Kizingiti cha Maji kilikuwa kikongwe, kimezama ardhini. Kilinifika kwenye kifundo cha mguu. Nilikivuka mwenyewe, na watu wakaniimbia. Siku ya kuhama wakakichimbua chote, ndipo tukajua kina mwili kiasi gani. Na sasa kina wenzake wawili."

"Na masika yakianza kabla hujavuka?"

"Usajili wangu unakufa, Profesa. Kanuni haimhuishi mtu aliyeandikwa kwamba hakuhudhuria. Kazi yote niliyofanya itakuwa kama sikuifanya." Alisema hayo kwa sauti kavu, lakini vidole vyake vilikuwa vimeukamata mti wa gongo kwa nguvu. Upande wa milimani wingu lilikuwa limeshatanda.

Nikamuuliza Bwana Teofili kama kamati haikuwafikiria watu wa namna hii.

"Tulimfikiria sana! Kamati nzima ilimfikiria yeye peke yake kikao kizima. Ndipo tukaleta ngazi."

"Asiyeweza kupanda akaletewa ngazi?"

"Ngazi nzuri, Mheshimiwa. Ina rangi tatu, kila idara rangi yake."

Nikapanda ngazi hiyo ya rangi tatu, nikashuka ndani.

Ukumbi ulikuwa na meza tatu zilizopishana kama majirani waliokosana, na kila meza ilikuwa na birika lake la chai. Meza ya Udongo iliongozwa na Profesa Kiluvya, mtu mnene mwenye kuzungumza kwa kupiga meza. Ya Miti iliongozwa na Dakta Ndimbo, mrefu, asiye na haraka, mwenye kujibu swali baada ya watu kulisahau. Kwenye meza ya Maji aliketi Profesa Mashavu, mwanamke mzee, mdogo wa umbo, aliyefunga kitambaa cheupe kichwani. Ndiye aliyemfundisha Sikudhani.

"Mtahiniwa hajavuka," alitangaza Profesa Kiluvya kabla sijaketi. "Kwa mujibu wa kanuni, tuandike kwamba hakuhudhuria, kisha tunywe chai."

"Chai ya nani?" aliuliza Dakta Ndimbo.

"Kila mtu na birika lake, kama kawaida."

Nikamgeukia yule mzee. "Profesa Mashavu, huyu ni mwanafunzi wako."

"Ni wangu."

"Na unakubali aandikwe hivyo?"

Alikiweka kikombe chini. "Mheshimiwa, mwaka huu nastaafu. Jina langu litachongwa kwenye lile gogo, baada ya jina la mwalimu wangu Bi. Sharifa Mkwinda, aliyenifunza kuusoma mto. Nikisema kizingiti kiondolewe, nitakuwa mkuu wa kwanza wa Maji kukiondoa. Nikisema kikae, nitakuwa nimemfungia mlango binti niliyemlea mimi. Kwa hiyo nimekaa namngoja mwingine aseme."

"Ndivyo walivyo watu wa Maji!" Profesa Kiluvya akapiga meza. "Siku zote wanangoja waone bonde linaelekea wapi."

"Na watu wa Udongo," alisema Dakta Ndimbo taratibu, "hawaendi popote mpaka wapakiwe kwenye karai."

Meza ya Maji ikacheka, ya Miti ikacheka, na ya Udongo ikajimiminia chai.

Sikucheka. Nilimwomba karani anisomee kanuni ya mtihani, neno kwa neno. Akasoma kwamba mtahini atakaa ukumbini, na kwamba mtahiniwa atajibu mbele ya uso wa mtahini.

"Inasema mtahiniwa awe ukumbini anapojibu?"

Karani akaangalia, akaangalia tena. "Inasema avuke ili apewe shahada. Ili ajibu… haisemi."

"Vema," nikasema. Nikarudi kwenye ngazi, nikapanda, na nilipofika juu ya magogo nikaketi hapo, mguu mmoja ukining'inia ndani na mwingine nje.

Ukumbi mzima ukasimama. Katika Rukindo, kama kwetu, mtoto anayekaa kizingitini huambiwa ainuke, na mimi nilikuwa na mvi.

"Mheshimiwa! Kizingitini hapakaliwi!"

"Kanuni inanitaka niwe ukumbini, na mguu wangu uko ukumbini. Inamtaka mtahiniwa awe mbele ya uso wangu, na uso wangu uko huku. Mnaotaka kusikia majibu, sogeeni." Nilisema hivyo kwa sauti ambayo kiranja mkuu wetu aliitumia kwenye mistari ya asubuhi, na ambayo sijaona ikishindwa popote. Wakasogea. Hakukuwa na nafasi ya meza tatu kwenye mlango mmoja, kwa hiyo walisimama wamechanganyika.

Nikamtazama Sikudhani chini yangu. "Swali langu ni moja. Kwa nini tuta la Kindo hubomoka?"

Akajiweka sawa juu ya magongo.

"Tuta letu limejengwa kwa matabaka, Profesa. Chini kuna magogo, waliweka watu wa Miti. Juu yake udongo uliokaushwa na kushindiliwa, waliweka watu wa Udongo. Juu ya udongo kuna mawe ya kukata nguvu ya mto, waliweka watu wa Maji. Nimelipima kila tabaka peke yake. Yote ni mazuri. Sikuona kosa hata moja."

"Basi limebomokaje?"

"Maji hayapiti ndani ya tabaka. Hupita baina ya tabaka na tabaka. Kazi ya idara moja inapoishia na ya nyingine kuanzia, hapo pana uwazi kama upana wa kidole. Hapo hapana mwenyewe."

Nyuma yangu hakuna aliyepiga meza, kwa kuwa hakukuwa na meza.

"Hayo ni maneno," nikasema. "Ushahidi?"

"Kila palipobomoka nimechimba. Tope la mto, lile jeusi, nimelikuta kwenye maungo tu, limeingia kwa utulivu muda mrefu kabla ya mafuriko. Mafuriko huja kumalizia. Shamba la baba yangu lilizama kwa namna hiyo, na siku ileile Idara tatu zilikuja shambani kwetu kila moja kwa gari lake."

"Ungejenga vipi wewe?"

"Nisingepanga kitu juu ya kitu. Ningelaza magogo ubavu kwa ubavu, kwa urefu wake, nikayazika. Udongo ningeunywesha maji kwanza, nikaushindilia katikati ya magogo ukiwa na unyevu, ukamate. Kwa ujenzi huo hakuna anayeweza kumaliza zamu yake akaenda nyumbani. Mwenye maji akichelewa, udongo haushiki. Mwenye udongo akichelewa, gogo linacheza. Lazima wote wawe shimoni wakati mmoja."

"Umeujaribu?"

"Wapi, Profesa? Jaribio linataka magogo makubwa ya mvule, angalau matatu. Idara ya Miti ilinijibu kwamba mimi ni mwanafunzi wa Maji."

Nikayatazama magogo chini yangu. Polepole, kwanza karani, kisha Dakta Ndimbo, kisha wote, wakateremsha macho yao kwenye kile nilichokalia.

"Hapana," alisema Profesa Kiluvya.

"Sijasema neno."

"Nimeona unavyotazama!"

Dakta Ndimbo alijikuna kidevu. "Ubavu kwa ubavu, hakuna kilicho chini ya kingine. Havitupwi, havikatwi, havichomwi. Tangu tuhamie hapa, hii itakuwa siku ya kwanza kwa sheria ya tatu kutimizwa."

"Na sheria ya kwanza je? Kutembea juu ya kizingiti si kukivuka, ni kukikanyaga! Mtu apite na gongo juu ya jina la mwasisi?"

"Tuunde kamati ndogo," alipendekeza Bwana Teofili kutoka nje, akiwa ameona nyuso zimekunjamana. "Yenye uwakilishi. Tena kwa furaha."

Hapo Profesa Mashavu alitoka katikati yao. Nikampisha. Alipanda ngazi ya rangi tatu bila kushikwa, akalivuka rundo lote la magogo, akashuka upande wa pili, akasimama kando ya mwanafunzi wake. Alikuwa akitweta.

"Bi. Sharifa Mkwinda," alisema, "alikuwa akiingia mtoni mpaka kiunoni kabla hajatamka neno juu ya mto. Tope lilimjaa hadi kwenye nywele. Sidhani kama gongo la mtoto huyu litamdhuru." Kisha akainua uso. "Ndugu yangu Kiluvya, juma hili kizingiti changu ndicho cha chini na chako ndicho cha juu. Changu kimekibeba chako tangu Jumatatu. Nakuomba, uniondolee."

Nilimwonea Profesa Kiluvya huruma kidogo. Si rahisi kukataa ombi la adabu mbele ya watu, na si rahisi kulikubali.

Sikudhani ndiye aliyemsaidia, sijui kama kwa hila au kwa nia safi. "Profesa," alimwita, "udongo wa hapa mlangoni naona ni kichanga. Nikiushindilia mkavu si utatosha tu?"

"Kichanga?" Mtu mnene yule alishtuka kana kwamba ametukanwa mama yake. "Nani kakwambia ni kichanga? Mfinyanzi mwekundu huu! Ukiushindilia mkavu utapasuka kama mkate wa juzi! Nani anakufundisha?" Na katika kusema hivyo alikuwa tayari yuko juu ya ngazi, na katika kumalizia alikuwa tayari ameinama nje, ameokota bonge la udongo, analibinya kwenye kiganja na kulinusa. "Maji! Mashavu, uko wapi? Hapa panataka maji, lakini si mengi!"

"Niko hapa," alisema Profesa Mashavu. "Nami ndiye nitakayekwambia ni kiasi gani."

Walimwita msimamizi wa vibarua na kamba zake, ingawa haikuwa Jumatatu. Niliteremka kutoka kwenye kiti changu cha magogo. Na hapo nikaona jambo ambalo Bwana Teofili, kwa semina zake zote, hakuwahi kuliona. Wakuu watatu walichafuka. Dakta Ndimbo alikataa gogo lolote kulazwa mpaka alikague. Upande wa moyo wa mti, alisema, lazima uelekee juu, vinginevyo maji yatalala ndani na litaoza. Profesa Kiluvya alimwambia aharakishe, tope linakauka. Profesa Mashavu alimwambia Profesa Kiluvya kwamba kama tope linakauka ni kwa sababu amelinyima maji kwa ubahili. Waligombana sana. Lakini waligombana juu ya kitu kimoja, na msomaji aliyewahi kukaa katika vikao atajua tofauti yake.

Nilikumbuka mwaka ambao dhoruba iliezua paa la bweni la Kusini shuleni kwetu, tukalazimika kulala pamoja na wavulana wa Kaskazini, tuliokuwa tukiwachukia kwa bidii. Mwalimu Mkuu hakutuita mkutanoni. Alitoa mapipa ya maji, kila moja na mti wake wa kulibebea, akaamuru kila pipa libebwe na wavulana wawili, mmoja wa kila bweni. Mkipishana hatua, maji yanawamwagikia wote wawili. Kabla ya likizo tulikuwa tumejifunza mwendo, na bweni la Kusini lilipoezekwa upya, baadhi yetu hatukurudi.

Ubishi wa mwisho ulikuwa juu ya majina. Profesa Kiluvya alitaka magogo yageuzwe, majina yaelekee chini, yasikanyagwe.

"Anayezikwa kifudifudi," alisema Profesa Mashavu huku akijifuta tope, "ni yule ambaye jamaa zake wanamwonea haya. Mimi wangu simwonei haya."

Majina yakaelekea juu.

Matone ya kwanza yalianza kudondoka wakati vibarua wakishindilia ncha ya mwisho. Magogo matatu yalikuwa yamelala ardhini, kutoka uwanjani hadi ndani ya ukumbi, usawa na nchi, udongo mwekundu katikati yake ukimetameta. Nikarudi ndani, nikasimama mwisho wa magogo, kama kanuni inavyotaka. Wakuu watatu wakasimama kando yangu, wote upande mmoja kwa kuwa ndio upande uliokuwa mkavu.

"Mtahiniwa avuke," nikasema.

Sikudhani alitanguliza mguu wa kulia. Magongo yalilia juu ya mvule, sauti moja, kisha nyingine. Alipofika katikati, chini ya boriti ya mlango, gongo la kushoto liliteleza kwenye unyevu. Mwili wake wote uliyumba. Niliona mkono wa Profesa Mashavu ukiruka mbele, na niliuona wangu pia. Sheria ilikuwa wazi, ukiguswa, hujavuka. Mzee yule akaurudisha mkono wake, akaukumbatia kwa mkono wa pili kama mtu anayemzuia mtoto. Sikudhani alisimama hapo kwa mguu mmoja, akahema. Akalihamisha gongo, akalitia kwenye udongo ulio baina ya gogo na gogo, pale pasipokuwa na mwenyewe. Udongo ukashika. Akavuka.

Profesa Kiluvya alipiga kofi ukutani kwa kukosa meza. "Nilisema ni mfinyanzi!"

Nikamwambia Sikudhani kwamba nimeridhika na jibu lake na kwamba nina masahihisho katika sura ya nne, ambayo nilitaka ayafanye kwa ukamilifu. Alisema, "Ndiyo, Profesa," kisha akalia, na mwalimu wake akamshika sasa, kwa kuwa sasa iliruhusiwa. Nikatia sahihi.

Siku chache zilizofuata niliwaona watu wa idara tatu wakiteremka kwenda kwenye tuta kwa gari moja, lililowabana, Sikudhani akiwa kiti cha mbele kwa sababu ndiye aliyejua pa kuchimba. Bwana Teofili alinihakikishia kwamba yote haya yalikuwa katika mpango wake tangu mwanzo, na sikuona faida ya kumbishia. Jina la ndaki bado limeandikwa kwa duara. Mabirika bado ni matatu. Mimi si mtu wa kuahidi miujiza.

Lakini asubuhi ya kuondoka nilisimama mlangoni na Profesa Mashavu, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiingia. Mvua ilikuwa imenyesha, magogo yalikuwa yakiteleza, na kila mmoja alipita ameinamisha kichwa, akiangalia aweke mguu wapi. Nikamuuliza kama hakuumia kuona nyayo juu ya majina yale, na juu ya nafasi tupu iliyoachwa kwa ajili ya jina lake.

Kijana mmoja alikuwa amesimama katikati ya magogo, akizuia wenzake, macho chini.

"Sharifa Mkwinda," alisoma kwa sauti. "Huyu alikuwa nani?"

"Huko juu kilimani," aliniambia Profesa Mashavu, "miaka yote hakuna aliyeuliza." Akakunja sketi yake isiguse tope, akaenda kumjibu.